Mimi, Mara Mia

Nikiri mwenyewe mapema, maana nisipokiri wapo wanawake saba watakaonikiria, tena kwa nyongeza. Mimi ni mshonaji. Nashona vizuri, hilo nalisema bila haya. Pia nafundisha Injili, na hilo siku hizi nalisema kwa sauti ya chini.

Kila Alhamisi alasiri wanawake wa kanisa letu hukutana sebuleni kwangu kusoma Neno, na anayefundisha ni mimi. Hakuna aliyenichagua. Mwalimu wa kwanza alihama, kiti chake kikabaki kitupu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu nacho. Nilihamia pale siku hiyohiyo, na aliyewahi kunisikia nikianza kuongea anajua kwamba kunitoa tena ni kazi.

Sebule yenyewe ndiyo karakana. Kuna vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa unaomkata kila mteja kiunoni. Cherehani cha dirishani ni changu. Cha karibu na mlango ni cha mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Wanaishi nami, chumba cha nyuma. Kwa miaka mitatu yule binti ameshona kwangu pindo, zipu na vifungo, nami kwa miaka hiyohiyo mitatu nimemhubiria asubuhi hadi jioni, pini zikiwa mdomoni. Usishangae. Mshonaji mzoefu hubana pini sita kwa midomo na bado akamkemea mtu kwa ufasaha.

Yeye hakuwa mtu wa kujibu. "Ndiyo, mama." "Sawa, mama." Basi. Namwambia uvivu wa vidole ni mlango wa shetani: ndiyo, mama. Namwambia mke mwema huamka kabla ya jogoo: sawa, mama. Nikawa nawaambia wenzangu kanisani kwamba kumwelekeza huyu ni kumpigia mbuzi gitaa. Wakawa wananihurumia, nami nikawa napenda kuhurumiwa.

Sasa, Jumamosi moja mwanangu akanifuata jikoni. Yeye ni fundi wa umeme, mtu wa maneno machache, kwa hiyo alipovuta kigoda nikajua kuna jambo.

"Mama, mke wangu amepata kazi. Ile karakana kubwa ya sare, karibu na soko. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa."

"Kazi? Kwani hapa anafanya nini, anacheza?"

"Hajaamua. Anasema anataka kwanza azungumze na wewe. Mama, nakuomba, msikilize. Usimjibu, msikilize tu. Usipomsikiliza, anaondoka."

Niseme wazi: nampenda yule binti. Sijui kwa nini mapenzi yangu yakitoka mdomoni hutoka yakiwa masahihisho, lakini nampenda. Nikiwaza kile cherehani cha mlangoni kikiwa kimya, nilihisi baridi.

Mtu mwenye akili timamu angeinuka pale pale, akagonga mlango wa chumba cha nyuma, akasema, haya mwanangu, nimekuja, sema. Hatua kumi na mbili tu, nimezihesabu baadaye. Lakini mimi nina akili nyingi, hilo ndilo tatizo langu. Niliwaza hivi: Alhamisi hii somo letu ni mfano wa mpanzi. Kama Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga ratiba, mimi ni nani niiharibu? Nitaufundisha mfano ule vizuri, binti atajiona mwenyewe ndani yake, moyo utalainika, atatubu kutonisikiliza, na hiyo karakana ya sare ataisahau.

Mfano unajulikana. Mpanzi alitoka kumwaga mbegu. Nyingine zikaangukia njiani, ndege wakazidonoa. Nyingine kwenye mwamba, zikachipua haraka na kukauka haraka, kwa kukosa mizizi. Nyingine kwenye miiba, zikasongwa. Nyingine kwenye udongo mzuri, zikazaa, hii thelathini, hii sitini, hii mia. Udongo ni mioyo ya wanaosikia. Mtoto wa miaka saba anaelewa. Mimi nilihitaji zaidi ya hapo.

Jumatatu asubuhi nikaketi nijiandae. Daftari sina, lakini karatasi ya kaki ninayo bunda zima, ile tunayochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Mchoro wenyewe mafundi tunauita paterni. Nikachana kipande kirefu kama mtu mzima, nikachukua kalamu ya wino mzito, maana macho yangu siku hizi yanataka herufi za kishujaa, nikachora mistari na kugawa sehemu nne: Njia. Mwamba. Miiba. Udongo mzuri. Halafu, nisaidie Mungu wangu, nikaanza kuwapanga watu.

Mwalimu mstaafu, njia. Huyu ukimwambia neno analijua tangu jana. Linakaa juu juu, ndege wanakuja wanakula. Katibu wa kwaya, mwamba: Alhamisi analia machozi, Ijumaa hakumbuki alilia nini. Simu Tatu, mfanyabiashara wetu, tunayemwita hivyo kwa sababu anazo tatu na zote zinalia wakati wa maombi, miiba, bila mjadala. Wengine wanne nao nikawapata mahali pao. Kazi ilikuwa tamu. Sijawahi kuandaa somo kwa furaha namna ile, na hilo pekee lingetosha kunishtua.

Mkamwana nilimwandika kwenye njia, nikamfuta, nikampeleka kwenye mwamba. Mbele ya jina nikaandika: Sikio la kufa. Hakuna kinachoingia.

Sehemu ya udongo mzuri ikabaki tupu. Nikaitazama. Nikanywa maji. Nikaitazama tena. Haipendezi somo kuwa na sehemu tupu, nikajiambia. Kwa unyenyekevu mkubwa nikaandika: Mimi. Sasa, mara ngapi? Thelathini ingekuwa kumtukana Mungu baada ya kazi yote aliyonifanyia. Sitini ni ya watu wanaojifanya wapole. Nikaandika: Mara mia.

Wino haujakauka, binti akaingia, akasimama kando ya meza ya kukatia. Nikaikunja karatasi chapuchapu, nikaichomeka kwenye bunda.

"Mama, naomba nikwambie kitu."

"Alhamisi, mwanangu. Alhamisi utasikia kila kitu."

"Si kusikia, mama. Ni kusema."

"Kusikia kwanza, kusema baadaye. Ndiyo utaratibu."

"Sawa, mama."

Nilijipongeza kwa jibu lile. Nililirudia mwenyewe mara mbili nikiwa napiga pasi.

Wiki hiyo tulikuwa na majoho tisa ya kwaya. Kukata ni kazi yangu. Mkasi mkubwa nautundika juu ya kichwa changu, na hakuna mwingine anayeugusa. Mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini kitambaa kikikatwa vibaya kimekwisha. Jumanne nikatoka kwenda kununua bitana, nikakawia, nikarudi nimechoka. Na ukutani, kwenye msumari, nikakuta paterni ya joho imekwisha kukatwa: mbele, mgongo, mikono, kola. Mistari ya penseli imenyooka, alama za mikunjo zipo zote. Binti alikuwa kwenye cherehani chake, anashona kifungo ambacho nadhani alikuwa amekishona mara tatu.

"Nani kakwambia ukate?"

"Nimejaribu tu, mama. Kitambaa sijakigusa. Ni karatasi."

Nikachukua futi. Nikapima bega: sawa. Nikapima shimo la mkono: sawa. Nikapima shingo, mahali ambapo mimi mwenyewe, kwa miaka thelathini, hukosea nusu kidole na kumlaumu mteja kwa kunenepa: sawa kabisa. Nilipima kila kitu mara mbili, upande wa penseli. Nilikuwa natafuta kosa kama mtu aliyedondosha sindano kwenye zulia. Sikupata. Yeye alikuwa ameacha kushona, ananitazama. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, tena fupi.

"Umetumia karatasi nyingi," nikasema.

"Ndiyo, mama."

Jumatano nilitafuta orodha yangu sikuiona. Sikuhangaika. Watu wale wote nilikuwa nao kichwani.

Alhamisi wakaja, wanawake saba, wakajaa kwenye makochi na viti. Binti akazima cherehani kwa heshima, akakaa palepale mlangoni, mikono mapajani. Nikaanza. Jamani, nilifundisha! Nilitembea. Nilishusha sauti, nikapandisha. Niliposema habari ya moyo mgumu kama jabali, unaonyeshewa mvua miaka mitatu na bado mkavu, nilimtazama yeye waziwazi, na sina shaka hata viti vilijua namsema nani. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Katibu wa kwaya alikuwa tayari anapangusa macho. Akainua mkono.

"Samahani, fundi. Nisije nikasahau. Majoho yetu yamefika wapi?"

Kukatizwa kuliniudhi, lakini swali lilinipa nafasi ya kujisifu, na hiyo sijawahi kuikataa. Nikaenda ukutani, nikatoa kile kipande cha mgongo, kirefu, kipana, nikakishika mbele ya kifua changu, upande wa penseli ukiwa kwangu ili niweze kuonyesha kwa kidole.

"Kazi inaendelea, wapendwa. Tazameni nilivyokata."

Nilivyokata! Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile haukuwa hata na aibu.

Wakanyamaza. Nikadhani wamepigwa na butwaa kwa uzuri wa bega. Nikaendelea, "Mnaona mstari huo? Huo ni mstari wa mtu aliyetulia rohoni." Simu moja ikaanza kulia. Mwenyewe hakuipokea. Katika miaka yote ya kufahamiana, Simu Tatu hajawahi kuacha simu ilie mpaka ikate, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi kuna kitu.

Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akasogea mbele kwenye kochi, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea mahudhurio miaka arobaini.

"'Njia. Mwalimu. Anajua kila kitu kabla hakijasemwa.'" Akashusha miwani. "Hilo nilikuwa nalijua."

Nikageuza karatasi. Herufi zangu za kishujaa za Jumatatu zikanitazama, kila moja na wino wake.

"'Miiba,'" Simu Tatu akasoma naye, maana nilipoduwaa niliigeuza tena. "Mimi miiba? Fundi, simu zenyewe sasa ni mbili, moja imekufa!"

Katibu wa kwaya alilia, akajiona ameandikwa kwamba hulia, akaanza kucheka hapohapo katikati ya machozi. Halafu mmoja, sitamtaja, akafika kwenye udongo mzuri.

"'Mimi,'" akasoma. "'Mara mia.'"

Loo! Sebule ilipasuka. Walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye kiti. Walicheka wakishikana mabega. Nilitamani ardhi inimeze, ila sikujua ni udongo upi kati ya zile sehemu nne ungekubali kunipokea. Na ukweli ni kwamba, kama ingeishia hapo, ningejiunga nao nikacheka, na leo ningekuwa nawasimulia kichekesho.

Lakini mwalimu hakuwa amemaliza kusoma. Walimu humaliza ukurasa.

"'Mwamba,'" akasema. "'Mkamwana. Sikio la kufa. Hakuna kinachoingia.'"

Kicheko kikafa. Vichwa saba vikageuka mlangoni.

"Mwanangu," nikasema, "hilo sikukusudia lisomwe."

Naomba mtu anionyeshe msamaha mbaya kuliko huo, nimpe cherehani changu.

"Nililisoma Jumanne, mama," akasema kwa utulivu. "Nilipokuwa nakata."

Mwalimu mstaafu akanigeukia polepole. "Nani alikata?"

"Yeye."

"Sijasikia vizuri."

"Amekata yeye," nikasema. "Yote. Si mimi."

Wanawake wana hekima yao. Hakuna aliyeuliza kingine. Wakakusanya mikoba, mmoja akasema leo tumeshiba, mwingine akagusa bega la binti alipopita. Mwalimu alikuwa wa mwisho. "Tutarudi wiki ijayo," akaniambia. "Mpanzi hatujammaliza."

Tukabaki wawili. Karatasi ilikuwa bado mikononi mwangu, na sikujua pa kuiweka. Nilisubiri aseme "sawa, mama," tuendelee na kazi. Hakusema.

"Laiti ningekuwa mwamba, mama," akaanza. "Ningepumzika."

"Mwanangu..."

"Umesema Alhamisi. Leo ni Alhamisi. Siku ya tatu baada ya harusi ulisema mikono yangu ni ya kusugulia masufuria, si ya sindano. Mwaka mzima sikuthubutu kugusa mkasi. Ulisema nacheka kama mtu wa sokoni. Umenisikia nikicheka humu ndani lini? Ulisema mke asiyepata mtoto mpaka leo ajiulize ana neno gani na Mungu wake. Hilo najiuliza kila mwezi. Kila mwezi, mama. Umeandika hakuna kinachoingia. Hakuna neno lako hata moja lililonipita. Yote yaliingia, na yote yaliota."

Nilikuwa na majibu. Siongopi: matatu yalikuja mdomoni palepale, mawili yana mistari ya Maandiko. Miaka yote hiyo nilikagua udongo wa watu, nikaupima, nikauandika kwa wino mzito, na sikuwahi hata siku moja kufungua kiganja nikatazama ninamwaga mbegu gani. Niliketi.

"Ulitaka kuniambia nini, Jumatatu?"

"Nilitaka kukuomba unifundishe kukata koti. Nimeshakuomba mara nne. Kule wamesema watanifundisha. Nikasema nitakuomba mara ya tano, ukikubali siendi. Ukaniambia kusikia kwanza. Ndiyo nikakata paterni, labda ukiiona utakubali bila kuombwa."

"Na mimi nikasema umetumia karatasi nyingi."

"Ndiyo, mama."

"Nitakufundisha," nikasema. Nilishaanza kuinuka. "Koti, suruali, kila kitu. Hata sasa hivi, lete kitambaa."

Akatikisa kichwa, na niliona kwamba ilimuuma kunitikisia kichwa. "Nimeshawajibu, mama. Jana. Naanza Jumatatu."

Hapo nililia. Sikulia kama katibu wa kwaya, kwa mpangilio na leso. Nililia vibaya, pua na yote. Yeye hakuja kunibembeleza, wala sikustahili. Alikaa tu palepale, akaniacha nilie mpaka nilipoweza kuuliza jambo moja lililokuwa linanikaba.

"Kama yote yaliota hivyo, mbona ulikaa? Miaka mitatu. Ungeondoka mwezi wa kwanza."

Akatazama dirishani.

"Mama yangu alipofariki," akasema, "nilirudi kazini mapema. Sikutaka kukaa chumbani peke yangu. Nilishika zipu, nikawa siioni. Ukaniona. Ukasema, 'Acha hiyo, mwanangu. Leo kaa tu hapa karibu na mimi.' Ukanivutia kiti hapo dirishani. Nikakaa mpaka jioni. Nikikasirika, nikitaka kufunga mizigo, nakumbuka siku ile. Ndiyo iliyoniweka."

Nikajaribu kukumbuka. Msiba ninaukumbuka, nguo niliyovaa ninaikumbuka, hata mahubiri niliyomhubiria juma lililofuata kuhusu kutohuzunika kupita kiasi ninayakumbuka neno kwa neno. Siku ile siikumbuki. Kiti, zipu, dirisha, hakuna.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Halafu nikaongeza nini?"

"Hukuongeza kitu, mama. Ulinyamaza mchana kutwa."

Nikafuta uso kwa kiganja, nikamwomba anisimulie tena siku ile, polepole, tangu mwanzo.